Uzi maalum wa besdei: Mbaraka Juni 27, Franco Julai 6, Dokta Nico Julai 7. Na wapiga besi je, nani anajua tarehe zao?

Nyuzi Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu, na dada zetu mliomo humu pia.

Nilikuwa naangalia kalenda nikaona kitu ambacho lazima tukiongelee. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka kazaliwa Juni 27, 1944. Franco Luambo Makiadi kazaliwa Julai 6, 1938. Dokta Nico Kasanda kazaliwa Julai 7, 1939. Yani ndani ya siku kumi na moja una watu watatu ambao ukiwaondoa hao, gitaa la dansi kuanzia Kinshasa mpaka Mombasa linabaki halieleweki. Franco na Nico wamepishana mwaka mmoja na siku moja tu! Na wote wawili wamefia Ubelgiji, Nico kafia Brussels Septemba 22, 1985, Franco kafia Namur Oktoba 12, 1989.

Alafu katikati ya tarehe hizo ipo Juni 30, siku Kongo ilipopata uhuru 1960, na ule wimbo wa Indépendance Cha Cha wa Grand Kallé na bendi yake African Jazz, solo lile (gitaa linaloongoza) unalolisikia ni la huyo huyo Nico, waliurekodi Brussels mwanzoni mwa mwaka ule wakati wanasiasa wao wako mezani na Wabelgiji. Kijana alikuwa hata miaka 21 hajafika.

Sasa naomba tufanye hivi, uzi huu uwe wa besdei za wapiga gitaa na wapiga besi, wa kwetu na wa mbali, mtu ukija njoo na tarehe unayoijua kwa uhakika na njoo na wimbo mmoja tuusikilize wote. Ukija na jina tupu haijakaa sawa, tuambie huyo mtu vidole vyake vilikuwa vinafanya nini.

Na kuna jambo linanikera kweli. Nimetafuta tarehe za wapiga solo nimezipata bila shida. Nikitafuta za wapiga besi wa bendi zetu napata ukimya. Mtu kapiga besi miaka ishirini kwenye nyimbo ambazo nchi nzima inazijua na hatuna hata mwaka aliozaliwa. Hilo tusaidiane, mwenye mzee wake au jirani yake aliyepiga besi akamuulize.

Mtoto wa Msamvu

Nipo siti ya mbele mkuu. Mimi wa Morogoro kwahiyo Juni 27 ni yangu, naanza.

Watu wakimtaja Mbaraka wanataja sauti na mashairi, Shida, Jogoo la Shamba, sawa kabisa, ila naomba leo msikilize gitaa. Yule bwana alikuwa anaimba na kucharaza solo mwenyewe, kwahiyo gitaa lake linajua sauti inaishia wapi. Akimaliza mstari gitaa linapokea palepale, halikimbii, halijionyeshi, linajibu kile alichokisema, na ukifika ule mwisho wa wimbo pale mambo yanapochemka ndio anaachia sasa, na hata hapo utaona anarudia kipande kifupi kifupi mpaka mwili wako wenyewe unaingia. Sijasikia mpiga solo wa Tanzania mwenye subira kama ile.

Alianzia Morogoro Jazz, ndio waliokwenda Japan kwenye maonyesho ya Expo 70 pale Osaka wakiiwakilisha Tanzania, baadaye akaunda Super Volcano. Kafariki Januari 1979 ajali ya gari Mombasa, miaka 34 tu. Miaka 34 na kazi yote ile!

Wimbo wangu ni Shida. Usikilize mara mbili, mara ya pili usijali maneno.

Kibuyu

Wakuu sipingi uzi ila naomba kuuliza. Mila zetu mtu akishatangulia tunamkumbuka siku aliyoondoka, watu wanasoma hitima au wanafanya ibada, wanakula, wanamuombea. Besdei ya marehemu tunasherehekea nini hasa? Na wazee wetu wengi hizo tarehe waliandikiwa tu shuleni au kwenye cheti cha ubatizo, wengine walizaliwa "mwaka wa njaa" au "mwaka wa mafuriko". Tarehe ya kifo ndio tuna uhakika nayo maana watu walikuwepo.

Nyuzi Sita

Mkuu Kibuyu swali zuri na nakujibu kwa heshima. Tatizo la siku ya kifo ni kwamba kila mwaka tunahadithiana kifo. Ikifika Januari redio zinamtaja Mbaraka na stori yote inakuwa ajali, gari lilikuwaje, alikuwa anatoka wapi. Ikifika Oktoba Franco anazungumziwa ugonjwa na siku nne za maombolezo zilizotangazwa Zaire. Ni kweli hayo yalitokea ila si ndio yaliyofanya tuwapende. Siku ya kuzaliwa inakulazimisha uanze mwanzo, nani alimshikisha gitaa, la kwanza alilipata wapi, mtaa gani, alikuwa anamsikiliza nani. Huko ndiko kuliko na faida kwa kijana anayejifunza leo.

Kuhusu tarehe zenye mashaka nakubaliana na wewe. Ndio maana nimesema tulete zile tunazozijua. Na kwa mzee ambaye yupo hai na hana tarehe, achague mwenyewe siku tumsherehekee, kuna ubaya gani?

Binti Rumba

Kaka Nyuzi Sita umenena, na kwa huo mwanzo naomba nimchukue Franco.

Kazaliwa Sona-Bata kakulia Léopoldville ya wakati huo, ndio Kinshasa ya leo. Baba alifariki Franco akiwa mdogo, mama yake akawa anauza maandazi sokoni Ngiri-Ngiri. Kijana akajitengenezea gitaa la kopo, nyuzi zake zilikuwa waya za umeme zilizomenywa, akawa anakaa pembeni ya mama anapiga ili wateja wasogee. Kwangu mimi muziki wote wa Franco upo pale sokoni, yani gitaa lenye kazi ya kumsimamisha mtu anayepita na haraka zake. Baadaye ndio akaja mpiga gitaa Dewayon akamfundisha kwenye gitaa la kweli, akaingia studio ya Loningisa bado kijana mdogo kabisa, na mwaka 1956 wakaanzisha bendi ya OK Jazz, hana hata miaka 18 kamili.

Sikilizeni anavyopiga. Anatumia kidole gumba na cha shahada, anabana nyuzi mbili kwa pamoja, sauti mbili zinatembea sambamba, kavu, nzito, zina chuma ndani. Hana haja ya noti nyingi, ana kipande kimoja anakipiga, anakipiga tena, anakipiga tena, anabadilisha kitu kidogo sana, na wewe uliyekaa unashangaa umesimama. Watu wanaosema Franco anarudia rudia hawajawahi kucheza sebene la OK Jazz, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, mpaka mwisho, maana kule kurudia ndio kazi yenyewe.

Na mkimpongeza Franco Julai 6 mkumbukeni Simaro Lutumba aliyemshikia gitaa la ridhimu, lile la kushika mapigo, miaka yote ile, kazaliwa Machi 19, 1938, kafariki Machi 30, 2019. Watu wanamjua kama mshairi, Mabele ni yake, lakini mkono wa kulia wa Simaro ndio ulikuwa unamfanya Franco awe huru kufanya anavyotaka.

Sukisa

Dada Binti Rumba nakuheshimu sana ila Julai 7 ni kubwa kuliko Julai 6, naomba niseme hivyo bila woga.

Kule Kongo wenyewe walikuwa na shule mbili, shule ya OK Jazz na shule ya African Jazz, na kila mtu alijua yupo wapi. Mimi shule yangu ni ya Nico. Alikuwa na elimu ya ufundi kabisa na unaisikia kwenye vidole. Kila noti imesimama peke yake, safi, hata akikimbia vipi huwezi kusikia mbili zimegongana. Franco anakushika kwa nguvu, Nico anakuimbia. Na lile gitaa la Kihawaii analoteleza, jamani, nani mwingine Afrika alilipiga kwa utamu ule miaka ile ya sitini?

Kuna la kaka yake pia, Dechaud, Charles Mwamba, alikuwa anampigia ridhimu. Ndugu wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja anajua mwenzake anakwenda wapi kabla hajakwenda. Mwaka 1963 wakatoka African Jazz na mwimbaji Rochereau wakaunda African Fiesta, wakaja kutengana, Nico akabaki na African Fiesta Sukisa, ndio jina langu humu linatoka huko.

Miaka ya sabini mambo yakamwendea vibaya, akapotea karibu kabisa jukwaani, akaja kurekodi tena Lomé, Togo, miaka ya themanini mwanzoni, kisha akafariki ana miaka 46. Huwa naumia nikifikiria, kwasababu wapiga solo waliokuja baadaye wamekula kwenye sahani yake na wengi hata jina hawalitaji.

Kamba Nene

Wakuu mimi napiga besi, nimepiga kwenye bendi za hapa Dar kwa muda mrefu, kwahiyo hilo la wapiga besi limenigusa pabaya na naomba mniruhusu niandike kirefu.

Sababu ya kwanza ya sisi kutojulikana ni majalada. Santuri nyingi za zamani jalada linaandika jina la bendi, jina la wimbo na mtunzi basi. Kule RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi iliingia studio ikarekodi, mkanda ukaandikwa jina la bendi na wimbo, nani kashika besi siku ile inabaki kwenye vichwa vya waliokuwepo. Bendi zenyewe zilikuwa zinabadilishana watu kila mwaka, huyu kahama huku kaenda kule, kwahiyo hata ukijua mpiga besi wa bendi fulani huna uhakika kama wimbo ule ni yeye. Mtunzi na mwimbaji wanatajwa ndani ya wimbo, mpiga solo anatajwa wakati wa chemko, mpiga besi atajwe saa ngapi?

Na msidhani ni sisi tu. James Jamerson, kazaliwa Januari 29, 1936, Edisto Island, South Carolina kule Marekani, ndiye aliyepiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya santuri ya Motown miaka ya sitini pale Detroit. Mamilioni ya watu walicheza besi yake bila kulijua jina lake kwasababu Motown hawakuwa wanaandika wapigaji kwenye majalada. Mpaka 1971 kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, ndio jina lake likaonekana. Alikuwa anapiga kwa kidole kimoja tu cha shahada cha mkono wa kulia, KIMOJA, na zile noti zote. Kafariki 1983, miaka 47. Kwahiyo Januari 29 naomba iandikwe kwenye kalenda ya uzi huu kwa wino mzito.

Sasa turudi nyumbani. Kwenye rumba besi haikai tu kutembeza mapigo. Mara nyingi inaacha pengo pale unapotegemea iingie, kisha inaingia pembeni kidogo, inaongea na ngoma za tumba, na lile pengo ndio linalomvuta kiuno mchezaji. Ukiijaza kila mahali umeua wimbo. Msikilizeni Mpudi Decca wa OK Jazz, chukueni wimbo mrefu wa Franco wa miaka ya sabini au themanini, vaeni hedifoni nzuri, simu ikiwa na spika yake tu hamtasikia kitu maana sauti za chini zote zinapotea, kisha fuateni besi peke yake dakika kumi zote. Mtaona ule wimbo umejengwa juu ya yule mtu. Magitaa matatu yanafumana pale juu, solo, ridhimu na lile la tatu linaloziba katikati, Wakongo wanaliita mi-solo na sisi tunaita second solo, yote hayo yana uhuru kwasababu chini kuna mtu hatikisiki.

Tarehe ya kuzaliwa ya Decca sinayo. Ninayo ya Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani, Novemba 27, 1942, kila mtu anayo. Inauma.

Dogo Treble

Shikamooni wakubwa. Mi najifunza gitaa mwaka wa pili sasa, Hendrix namjua kweli, wa kwetu ndio naanza kuwasikia humu. Naomba kuuliza, mtu akitaka kuanza na wapiga besi wa Afrika aanzie wapi? Na je ni kweli besi ni rahisi kuliko solo?

Kamba Nene

Marahaba dogo. Besi kuanza ni rahisi, kuimaliza hakuna aliyemaliza.

Anza na Richard Bona, kazaliwa Oktoba 28, 1967, Minta, Kameruni. Kakulia balafoni (aina ya marimba), magitaa yake ya utotoni alijiundia mwenyewe. Alikuwa kijana tu Douala aliposikia albamu ya Jaco Pastorius ndio akaamua besi ndio maisha yake. Jaco naye ni Desemba 1, 1951, yule ndiye aliyeng'oa zile fito za chuma kwenye shingo ya besi yake ili noti ziteleze ziimbe kama sauti ya mtu. Kisha msikilize Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, Mei 10, 1956, kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon ya 1986. Kile kipande kifupi cha besi kwenye You Can Call Me Al, nusu ya pili ni nusu ya kwanza ileile imegeuzwa kinyumenyume kwenye mkanda, usihangaike kuipiga yote kwa mkono kama nilivyoona vijana wanajikunja vidole.

Kama unapenda rege basi Aston "Family Man" Barrett wa The Wailers, Novemba 22, 1946. Huyo kafariki Februari 2024. Sikiliza anavyonyamaza.

Nyando Boy

Salamu kutoka Kisumu wadau. Mmeongea rumba peke yake mnasahau benga, muziki wetu wa Kijaluo, na kwenye benga besi haijifichi hata kidogo, iko mbele, inakimbia pamoja na gitaa, na ngoma za kickdrum zinagonga chini yake bila kupumzika.

Naleta Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz. Februari 22, 1940. Huyu Tanzania na Kenya tunamgombania na haki ni ya wote, kazaliwa upande wa Shirati, Tanzania, muziki wake kaufanyia Kenya, kafariki kwa ajali ya barabarani Kisumu Mei 17, 2006. Gitaa lake likifuata sauti ya Kijaluo ni kama linatamka maneno, kisha likifika pale waimbaji wanaponyamaza linapaa lenyewe na besi inalisukuma kutoka nyuma. Wazee wa huku wakisikia zile noti za kwanza tu hakuna anayebaki kwenye kiti.

Na mkitoka hapo Agosti 24 ni Fundi Konde, kazaliwa 1924, mtu wa pwani yetu, alikuwa kwenye kikosi cha burudani cha jeshi mpaka Burma wakati wa vita ya pili ya dunia, na ni katika watu wa mwanzo kabisa Kenya kupiga gitaa la umeme. Musimuache.

Mwana Katanga

Bandugu, miye niko Lubumbashi. Munazungumuza Kinshasa tu, Kinshasa tu, na Katanga je? Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Siku yenyewe sina, mwaka ndiyo niko nao. Hugh Tracey, mwenye kurekodi miziki ya Afrika, alimukuta Jadotville, leo ni Likasi, akamurekodi Masanga mwaka 1952, gitaa moja kavu bila umeme, vidole viwili, gumba na shahada, na ukisikia unasema hapa kuna watu wawili. Hiyo gumba yake ndiyo besi! Ile unatafuta mupiga besi, Bosco alikuwa anapigaka besi na solo yeye peke yake mu gitaa moja.

Na aliimba Kiswahili, Kiswahili ya kwetu ya Katanga. Yeye na mupiga gitaa mwenzake Edouard Masengo walifika mpaka Nairobi, bapiga gitaa bengi ba Kenya balijifunza kwa kusikia sahani zao. Alialikwa hata kwa tamasha ya muziki ya Newport kule Amerika 1969. Alikufa Septemba 1991, ajali ya gari Zambia. Baba yetu alikuwa anatupigiaka Masanga kila siku ya Mungu, mpaka mama anaijua.

Sukisa

Mwana Katanga asante sana ndugu yetu, hiyo ya gumba kuwa besi sijawahi kuiwaza hivyo na sasa nasikiliza Masanga upya. Kweli kabisa, gumba linatembea chini kwa mwendo wake na shahada anacheza juu. Hata Franco na gumba lake, naanza kuona anatokea nyumba gani.

Binti Rumba

Naongeza mwanamke kwenye kalenda maana mpaka sasa mmetaja wanaume watupu. Carol Kaye, Machi 24, 1935. Alikuwa mpiga gitaa wa studio Los Angeles, mwaka 1963 mpiga besi hakutokea siku ya kurekodi, akaambiwa shika wewe, akashika, na kuanzia hapo akawa katika wapiga besi waliorekodi sana Marekani nzima. Naye miaka mingi watu walisikia besi yake kwenye redio bila kujua ni mama aliyekuwa anapeleka watoto shule asubuhi.

Na hapa kwetu je? Nimewaona mabinti wa bendi za wanawake wamesimama na besi jukwaani, na nimewaona mabinti kwenye kwaya za kanisani wakishika besi kila Jumapili, wapo, na wengine wanapiga vizuri kuliko wanaolipwa. Mwenye dada anayepiga besi amlete humu na tarehe yake kama mwenyewe anaridhia.

Kibuyu

Sawa mmenishawishi. Ila naomba hitima ibaki palepale, besdei iongezeke.

Nina mzee hapa mtaani alipiga besi bendi za dansi miaka ya sabini, jina lake silitaji humu mpaka nimuombe ruhusa. Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemuuliza kazaliwa lini akasema hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu wa muziki. Mwaka anaujua, mwezi anasema ulikuwa wa mavuno. Nikamuuliza nyimbo gani kapiga, akanitajia mpaka nikaishiwa karatasi, na kwa kila wimbo anakuonyesha kwa mkono besi ilikuwa inakwendaje, anaimba kwa mdomo dum dum dudum, na nyimbo nyingine hizo mimi nimezicheza tangu mtoto. Kaniambia pia studio walikuwa wanarekodi wote kwa mpigo, mmoja akikosea wanaanza upya wote, kwahiyo mpiga besi aliyekuwa anakosea hakai bendini.

Kamba Nene

Kibuyu rudi kwa mzee na simu, mrekodi sauti akiimba hizo besi na kutaja wimbo mmoja mmoja. Mwombe pia ataje nani alikuwa solo na nani ridhimu siku hiyo. Hiyo ni kazi ambayo hakuna jalada lililoifanya. Mimi najitolea kuja na besi yangu na spika ndogo akitaka kuishika tena, niandikie pembeni unieleze mtaa gani.

Nyuzi Sita

Wakuu uzi umekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Kalenda mpaka hapa: Januari Jamerson 29. Februari Misiani 22. Machi Simaro 19 na mama Carol Kaye 24. Mei Bakithi 10. Juni Mbaraka 27. Julai Franco 6 na Nico 7. Agosti Fundi Konde 24. Oktoba Bona 28. Novemba Family Man 22 na Hendrix 27. Desemba Jaco 1. Bosco tunamuweka mwaka 1930 bila siku, Mwana Katanga ukipata tarehe kwa watu wa Bunkeya utujuze.

Aprili na Septemba ziko tupu, Septemba nitaijaza mimi mwenyewe na B.B. King, 16, mwaka 1925. Aprili nawaachia.

Mzee wa Kibuyu akikubali tunamuwekea siku moja kwenye mwezi wa mavuno na tunaanzisha uzi wake peke yake wenye nyimbo zake zote. Dogo Treble wewe kazi yako ni kutafuta hizo nyimbo mtandaoni na kuziweka kwa mpangilio ule atakaoutoa mzee.

Juni 27 saa mbili usiku tuanze na Shida kama alivyosema Mtoto wa Msamvu, hedifoni masikioni, na kila mtu aandike hapa besi imefanya nini.